Mwito wa Tatu

Wewe, umewahi kukaa katikati ya watu wanaorukaruka kwa furaha kila mara ndugu yako anapopigwa bao? Kama hujawahi, usiwe na haraka ya kumcheka Hared. Na kama umewahi, basi unajua kwamba kiti cha namna hiyo kinaunguza hata kikiwa kivulini.

Hared alikuwa tarjumani wa serikali mjini Garissa, mwaka wa tatu wa hali ya hatari, serikali ikiwawinda waasi wa Kisomali walioitwa shifta. Mchungaji akikamatwa porini na kuletwa ofisini, Hared husimama kati yake na mwulizaji. Mwulizaji husema kwa Kiswahili, "Shifta wamepita wapi?" Hared huligeuza swali kuwa Kisomali. Mchungaji hujibu kwamba hakuona mtu. Hared hulirudisha jibu, na mwulizaji humkazia macho yeye, kana kwamba yeye Hared ndiye aliyekataa kuona. Kutwa nzima kinywa chake kilibeba maneno ya watu wengine. Jioni ikifika, hana wa kumpa neno lake mwenyewe.

Alikuwa na chumba cha mabati mwisho wa nyumba za watumishi. Ukifungua mlango unakutana na seng'enge, na nyuma ya seng'enge ni kile ambacho ofisi ilikiita kijiji cha usalama. Wenyewe waliofungiwa humo pamoja na mifugo yao walikiita zizi. Uhuru ulikuwa umekuja na bendera na gwaride, watu wakaambiwa nchi ni yao. Kisha watu hao hao wakawa wanahesabiwa langoni asubuhi na jioni kama mbuzi. Na aliyewatafsiria amri ya kuhamia humo, akipita kutoka kibanda hadi kibanda, alikuwa mtoto wao wenyewe, Hared.

Kabla ya kazi hiyo alikuwa mtu wa chini. Kwenye visima virefu vya upande wa Liboi maji yako mbali ardhini, na wanaume hujipanga kwenye kuta za kisima, mmoja juu ya mwenzake, ndoo ya ngozi ikipanda kutoka mkono hadi mkono. Yule aliye mwisho kabisa, miguu majini, gizani, ndiye mtu wa chini. Aliye juu hamwoni, kwa hiyo humwimbia. Wa juu huita, "Ewe uliye shimoni, maji yapo?" Wa chini huitikia, "Yapo, na mimi nipo!" Ngamia huupenda wimbo huo, lakini haukutungwa kwa ajili ya ngamia. Kuta za kisima huporomoka. Mwito wa kwanza usipojibiwa, pengine jamaa anavuta pumzi. Wa pili usipojibiwa, watu huacha kuvuta ndoo. Wa tatu ukipita kimya, mtu hujifunga kamba kiunoni akashuka kuutafuta mwili. Na hakuna anayeruhusiwa kuitikia badala ya aliye shimoni. Kufanya hivyo ni kumchukulia pumzi yake.

Aliyekuwa akiita juu ni Olow, mtoto wa baba yake mkubwa. Ujana wao wote Olow aliita na Hared akaitikia. Siku Hared alipovaa kaki, Olow hakumtukana. Alimchukua kijana mwingine, Awil, akamfundisha kushuka, basi. Tangu siku hiyo binamu hao hawakusemezana. Salamu Hared alijibiwa, kwa kuwa dini inataka, lakini baada ya "aleikum salaam" mlango ulifungwa. Akiingia kunywa chai kwa Bi Habibo mle zizini, benchi alilokalia lilibaki na nafasi kubwa, hata siku ambayo watu walikunywa wima.

Ndipo timu ya kambi ya askari ikawaalika vijana wa zizi kucheza mpira. Uwanja ulikuwa ndani ya kambi, kwa hiyo wenyeji wa Garissa wakawa ndio wageni, hatua chache kutoka makaburi ya babu zao. Ilitolewa amri juu ya tiketi. Za kijani, nyingi, zilikuwa za watu wa kambi na wa ofisi, wakae chini ya turubai. Nyeupe, chache mno, zilikuwa za mashabiki wageni, wakae nyuma ya goli la pili, juani. Atakayeonekana upande usio wake atatolewa.

Wazee wa zizi waliziweka tiketi nyeupe juu ya mkeka pale kwa Bi Habibo, wakazigawa kama wanavyogawa zamu za maji wakati wa kiangazi, kila nyumba na sehemu yake. Hared alisubiri mpaka mkeka ukakaribia kuwa mtupu.

"Adeer Abdille," akamwambia, kama mtu anavyomwita ami yake, mzee aliyekuwa akigawa, "na mimi je?"

Mzee Abdille hakuinua macho. "Wewe una zamu kisima kingine."

"Awil anacheza, adeer. Huyo nimembeba mgongoni akiwa mdogo."

"Mtu hanywi visima viwili kwa siku moja."

Guleid, mnunuzi wa ngozi, mtu asiyeweza kuuacha mzaha upite, akadakia: "Msimwonee! Tukifungwa, nani atatutafsiria? Atasimama kule kivulini atuambie kwa Kisomali: lieni sasa, bwana mkubwa ameruhusu!"

Watu wakacheka. Olow alikuwapo. Hakucheka, aliinamia kikombe chake kama anayetafuta kitu ndani.

"Kunywa, mwanangu," Bi Habibo akamwambia Hared kwa sauti ya chini. "Itapoa."

Hared aliinywa ikiwa imekwisha kupoa. Mpira wenyewe haukumsumbua. Alitaka jambo moja tu: kukaa kwenye vumbi kando ya Olow kwa alasiri moja, bega kwa bega, bila neno lolote kuhitaji kutafsiriwa.

Siku ya mchezo Sajini Musyoka wa ofisini alimtia tiketi ya kijani mfukoni. Alikuwa mtu mcheshi, na ucheshi wake ulikuwa mzito kama buti. "Utakaa nami, tarjumani. Utuambie wale jamaa zako wanapiga kelele gani."

Hata hivyo Hared alikwenda kwanza kwenye lango la tiketi nyeupe. Askari wa langoni akaitazama tiketi yake, akamtazama yeye, akamwonyesha turubai kwa kidole. "Kijani kule, ndugu. Wewe umependelewa, unataka jua la nini?"

Akakaa kivulini. Mbele yake, ng'ambo ya uwanja, watu wake walikuwa kikundi kidogo, mikono imekinga macho. Aliona kilemba cha Mzee Abdille. Aliona shuka ya Olow. Kando ya Olow palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, au pengine ni macho yake yaliyoitengeneza.

Kambi walifunga mapema. Turubai nzima ilisimama, na Hared akabaki ameketi peke yake katikati ya miguu ya watu.

"Shangilia, bwana!" Sajini akampiga begani. "Au timu yako ni ipi? Hebu sema, 'piga pasi'!"

"Biga basi," Hared akasema, ulimi wake wa Kisomali ukiigeuza p kuwa b.

"Abiria tayari, basi linaondoka!" Kicheko kikapasuka, na mtu nyuma akaiga honi kwa mdomo. Hared alitabasamu. Mwenye njaa ya wenzake hutabasamu hata kwa mzaha unaomchoma.

Kipindi cha pili kilikuwa kimeendelea sana Awil alipoukimbilia mpira na beki wa kambi akamfagia miguu yote miwili. Alianguka vibaya, akabiringika, akatulia. Refa hakupiga kipenga. Mchezo ukahamia upande mwingine na kumwacha pale kwenye vumbi, uso chini. Turubai wakapiga makofi.

Ng'ambo, mtu akasimama. Alikuwa Olow. Alikiweka kiganja kando ya mdomo, na sauti ambayo Hared hakuwa ameisikia tangu avae kaki ikavuka uwanja, ndefu, tulivu, ile ile ya visimani.

"Ewe uliye shimoni, maji yapo?"

Awil hakujitikisa. Upande wa nyeupe wote walinyamaza, kwa sababu wimbo huo haujibiwi na umati.

Olow akaita tena. Awil hakuinua hata mkono. Vidole vya Hared vilikuwa vimeshika ukingo wa benchi. Alijua yuko wapi. Alijua amekaa na nani na kwa tiketi ya rangi gani. Lakini mwili una kumbukumbu zake, na wa kwake uliwahi kusimama gizani, maji magotini, udongo ukidondoka begani, uhai wake wote ukiwa ni sauti ya mtu mmoja juu.

Olow akaita mara ya tatu.

"Yapo!" Hared alikuwa amesimama, shingo imemvimba. "Yapo, na mimi nipo!"

Awil alijiinua kwa kiwiko, akatazama huku na huku kama aliyeamshwa. Wote wa nyeupe wakageuka kutazama kivulini, na Hared, mjinga wa tumaini, aliinua mkono kuwapungia.

Mzee Abdille alisimama kwa fimbo yake. "Nani amekuita wewe?" akapaaza sauti. "Kijana yu hai! Unamjibia, umemwona amekufa? Umekaa kwao, na hata pumzi zetu unataka kuzichukua?"

Hared alishusha mkono. Sajini alikuwa amekwisha kumshika ukosi, na ucheshi wote umemtoka.

"Umewaambia nini?"

"Nimesema maji yapo."

"Maji gani?"

"Ya kisimani, Sajini."

"Kisima kiko wapi hapa? Na yule mzee amejibu nini? Nani yuko porini anayesubiri hayo maji?"

Kazi yake ilikuwa kufasiri. Alifungua kinywa amweleze juu ya ukuta unaoporomoka na mtu asiyeonekana, akatafuta Kiswahili chake chote, na kila neno aliloliokota lilikuwa jepesi, likipeperuka. "Ni wimbo wa ngamia," akasema mwishowe.

"Ngamia!" Sajini akampokonya tiketi ya kijani, akaichana. "Usije ofisini mpaka uitwe. Na usipoitwa, shukuru."

Wakamtoa. Alizunguka kambi mpaka lango la upande wa jua, lakini sasa hakuwa hata na tiketi ya rangi mbaya. Alisimama nje ya seng'enge, migongo ya watu wake ikiwa karibu kiasi cha kuona jasho kwenye mashati, na mchezo asiuone. Alisikia kipenga. Alisikia kelele kubwa na hakujua ni za upande gani. Fikiria hilo, wewe unayekaa unapotaka: mtu anayesimama nje ya furaha na nje ya huzuni, asijue ni ipi iliyopita.

Walipoanza kutoka, haraka haraka kwa kuogopa kafyu, alimfuata Guleid.

"Walaal, ndugu yangu, tumefungwa ngapi?"

"Tumefungwa?" Guleid hakupunguza mwendo. "Sisi na nani?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Mzee Abdille alipita akiangalia ardhi. Wa mwisho alikuja Olow, amembeba Awil mgongoni, kifundo cha mguu wa kijana kimefura kama kibuyu. Hared alisogea amsaidie. Olow alisimama. Alimtazama binamu yake usoni. Kisha akaurekebisha mzigo wake, akaendelea na njia ya zizini. Lango la zizi likafungwa nyuma yao.

Hared alipika wali, akaupakua katika sahani moja, akaufunika. Asubuhi aliukuta vile vile.

Jua lilikuwa halijapanda alipofungua mlango. Kwa mazoea alikuwa amechukua shati la kaki, akakumbuka, akalitundika tena. Ng'ambo ya seng'enge mbuzi na ngamia walikuwa wamejazana kwenye kisima cha zizi, wanalia, maana hori lilikuwa kavu. Awil alikuwa amekaa ukingoni mwa hori, mguu umefungwa kitambaa. Shimoni hapakuwa na mtu. Ndoo ilikuwa chini, kamba yake imelala juu ya mchanga.

Olow alikuwa amesimama mdomoni mwa kisima, lakini alikipa mgongo. Uso wake ulielekea nyumba za watumishi, kwenye chumba cha mwisho, chumba cha mabati.

Aliweka kiganja kando ya mdomo, akaita.

Wanawake waliokuwa na madumu wakageuka. Hared alibaki kizingitini.

Olow akaita mara ya pili. Mzee Abdille alitoka kibandani na birika la udhu mkononi, akaona Olow anaitia upande gani, akafungua kinywa, kisha akakifunga. Guleid aliyekuwa akivuta ndama aliiachia kamba.

Olow alisogea pembeni hatua moja, akauacha wazi mdomo wa kisima, akajaza kifua pumzi, akaita mara ya tatu.