Mchumba wa Shangazi na Kigongo cha Kriketi

Juzi fundi seremala alifungua kopo la mafuta ya kitani karibu yangu, na harufu yake nzito ikanirudisha uani kwetu Mkuyuni, nikiwa binti wa darasa la tatu. Mchumba wa shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda, akikipaka mafuta hayo kigongo chake bapa cha kriketi. Alituambia aliwahi kuchezea timu ya taifa ya nchi yake, akirusha mpira na kupiga vilevile, mpaka goti lilipoharibika.

Baba hakuamini. Miaka ile ya soko huria mji ulijaa wageni wanunuzi wa sangara, kila mmoja na hadithi yake.

“Timu ya taifa, halafu uje kuhangaika na samaki huku?”

“Shemeji, goti halina huruma.”

“Haya, tuoneshe.”

Nikasimamisha kopo tupu la maziwa juu ya jiwe la kufulia. Akachechemea hatua tatu, akazungusha mkono, akarusha mpira, na kopo likaruka mpaka kwenye ua wa minyaa.

“Hata wezi wa maembe wana shabaha,” baba akasema.

Ndipo shangazi akafungua mdomo. “Kaka, kucheza alicheza. Mimi nataka kujua kama huko alikokuwa anacheza ameacha mke.”

Yule mwanamume, aliyekuwa na jibu la kila swali, akaomba maji ya kunywa. Shangazi akamletea, akasubiri ayamalize yote, kisha akampa kofia yake aende zake.