Mkono wangu utosini pa mama wa shanga

Leo nimemsalimu mama aliyenizidi umri kana kwamba ni mtoto. Mbele ya watu.

Tumepiga kambi nje ya Kajiado. Mvua ililowesha mahema, tukaamua ghafla kushinda mjini tukitembea.

Njiani niliwaeleza wenzangu kwamba mtoto wa Kimaasai huinamisha kichwa mbele ya mkubwa, naye mkubwa humgusa utosini. Nimeripoti habari za huku miaka mingi, kwa hivyo waliniamini.

Sokoni, kwenye meza ya shanga, mtu mfupi aliyejifunika shuka aliinama mbele yangu.

Nikamgusa utosini. "Supa, mtoto," nikamsalimu kwa Kimaasai.

Akainuka. Uso wote makunyanzi.

"Nilikuwa naokota shanga," akasema.

Wenzangu wakajifanya wanatazama viatu. Muuza ndizi alicheka mpaka akakaa chini.

Nikaomba msamaha. Mama akanipima kwa macho.

"Sasa inama wewe."

Nina miaka hamsini na mbili. Nikainama. Akaniwekea mkono kichwani, na hakuwa na haraka ya kuutoa.

"Na shule inaendelea aje, kijana?"

"Vizuri, mama."

Ningejibu nini kingine? Semeni nyinyi.