Tarishi na Baiskeli ya Ofisi

Kila Jumanne tarishi wa ushirika alitoka Bunda na barua za Butiama. Barabara kuu, yenye magari na vijana wa matembezi ya kuunga mkono Azimio na bendera zao, aliiacha, akashika kijia cha ng'ombe kinachopita nyuma ya shamba la pamba la Mbuke. Makatambuga yake, viatu vya matairi, yalining'inia shingoni. Hayo yalikuwa ya kuvaliwa ofisini. Mbuke alimpa kata ya maji, naye tarishi, kwa sauti yake ya chini, akampa habari za njia: pimbi wamehamia mwamba wa pili, kijito kimekula ukingo, ukwaju umeanza kuiva. Hakuna Jumanne iliyofanana na nyingine.

Kisha ofisi ikampa baiskeli. Jumanne hiyo hakuonekana, na Mbuke akayarudisha maji mtungini. Wiki iliyofuata akamwona anashuka mawe, baiskeli begani, jasho linamtiririka.

"Ndugu tarishi, baiskeli si inapitaga barabarani?"

"Nilipita huko juzijuzi, mama." Akaishusha taratibu, akapokea kata. "Nilifika mapema sana. Lakini sikuwa na cha kukusimulia."