Heshima ya Taa Nyeupe

Juzi nilikuwa kwa fundi umeme wa magari pale Mabatini, nasubiri honi yangu itengenezwe, akaingia mzee na pikapu kuukuu yenye taa mpya za LED.

"Shikamoo mzee. Taa zinasemaje?" fundi akauliza.

"Marahaba. Aisee, zimeniletea heshima!" Mzee akaifuta taa moja kwa mkono wa shati. "Na zile balbu za njano, nani alinijali? Sasa jioni nikirudi Mkolani, kila dereva ninayepishana naye anapunguza mwendo, anavuta mkanda, ananipungia mkono!"

Fundi akaziwasha, akainama kuzitazama, akafunika macho haraka.

"Samahani mzee. Nilizifunga zikaangalia juu. Wanadhani unawawashia taa kuwaonya kwamba trafiki yuko mbele."

Mzee akamgeukia. "Kwa hiyo hawanisalimii?"

"Wanakushukuru. Ngoja nizishushe."

"Usiguse!" Akasimama mbele ya pikapu, mikono kaitanua kama golikipa. Ilibidi tumbembeleze kwa soda mbili ndipo akasogea.

Nilicheka njia nzima. Sisi watu wazima ajali hatuiogopi hata kidogo; tunafungishwa mikanda na trafiki, hata asipokuwepo.

Jana jioni nikapishana na mzee yuleyule, taa zake zimeshuka kwa adabu. Nikamhurumia, nikamwashia taa kumsalimu.

Akapunguza mwendo, akavuta mkanda, akanipungia mkono.