Mfinyanzi wa Kinampanda na tumbawe la gizani

Saa kumi na mbili asubuhi, kijijini Kinampanda wilayani Iramba, Asnath Peniel amechuchumaa uani, udongo umempanda hadi viwikoni. Anachofinyanga si chungu. Ni kikombe kidogo chenye kuta nyembamba ndani, zikitoka ukingoni kuelekea katikati.

"Huyu ni mnyama," anasema, kisha anacheka. "Na mimi bahari sijaiona hata siku moja!"

Ni tumbawe gumu, ila si la jamii inayojenga miamba kwa kulishwa na mwani unaoishi mwilini mwake. Hili huishi peke yake kwenye kina chenye giza. Mwani halina, hivyo hunasa chakula lenyewe. Chediel Antipasi, mwalimu wa baiolojia wa sekondari ya jirani, aliagiza mifano ambayo wanafunzi wake wataishika mkononi.

Kwa Asnath, oda hii si mchezo. Ndoo za plastiki zimeua soko. Mnada uliopita aliuza chungu kimoja tu. Mwanawe Enock, anayeishi Itigi, amemsihi sana aache udongo ahamie kwake. Wakakubaliana: mwalimu akiikataa kazi, mama anahama.

Na mara ya kwanza mwalimu aliikataa.

Asnath alikuwa amegawa vikombe kama anavyogawa mdomo wa chungu kabla ya kutia nakshi: nusu, nusu ya nusu, kisha nusu tena. Zikatoka kuta nane.

"Shikamoo Mama Enock. Kazi nzuri, ila hawa kuta zao huanzia sita, zinaongezeka kwa sita," Chediel alimwambia. "Wenye mpango wa nane ni ndugu zao laini, wasio na kikombe cha mawe."

"Marahaba, mwalimu," Asnath aliitikia, akavikusanya vikombe. Sasa anasimulia: "Roho iliniuma, jamani! Mkono wangu tangu usichana unajua nusu kwa nusu."

Vilikuwa havijachomwa, akaviloweka vyote. Chediel akamwonyesha kukata unyasi wenye urefu wa kutoka katikati hadi ukingoni, kisha kupimia ukingo wote ukiwa umenyooka, ncha hadi ncha. Unaingia mara sita.

Asnath anasema alikaribia kukata tamaa, ila mnyama mwenyewe alimzuia. "Hana wa kumlisha, na bado anajenga nyumba yake. Nikamwonea huruma, nikajionea na mimi."

Leo Chediel amefika kuona vilivyotoka motoni jana. Anahesabu kuta kwa kidole, kikombe baada ya kikombe.

"Hawa ndio wenyewe, mama. Sasa nitengenezee na wale wanaojenga miamba."

Asnath anakaa chini, anafuta macho kwa mgongo wa mkono wenye udongo. Kiangazi hiki, anasema, atachimba udongo mwingi zaidi.

"Enock akipiga simu, nitamwambia aje kunisalimia. Chumba asiniandalie. Nina kazi."