Mpishi wa Gede na Kesi ya Viazi Vitamu

Kengele ya kuwaamsha wanafunzi haijalia bado. Jikoni mwa shule moja ya bweni karibu na Gede, Kache Nzai anafunua jani la mgomba juu ya sufuria. Anadunga kiazi kimoja kwa kijiti, anatikisa kichwa, anafunika tena.

"Kiazi hakitaki haraka," anasema. "Ukikiepua kigumu, tumbo ndilo litakalomalizia kupika."

Tangu ukame wa mwaka jana, 1984, Kache huwapa wavulana mia mbili na kumi viazi vitamu badala ya mkate, asubuhi tatu kwa wiki. Msafara wa kwenda kuomba dawa ya kulegeza choo ukapungua. Muuguzi wa shule, Bi Mwanabibi Faki, anasema nyuzinyuzi za viazi ndizo zilizosaidia, na kwamba vile vya rangi ya manjano hufaa macho.

"Lakini si miwani," anaonya.

Kisha, mwezi uliopita, matumbo yakaasi. Wavulana kumi na tisa walilazwa zahanati ya shule. Waliobaki walitoa, katikati ya sala ya asubuhi, mchango usiokuwamo katika kitabu cha nyimbo. Mwalimu mkuu akatangaza: viazi vikome, na Ijumaa mpishi apewe barua ya kufukuzwa.

"Miaka kumi na mmoja ya kazi," Kache anakumbuka. "Nilisugua sufuria kama mtu anayeosha maiti."

Alhamisi akaomba jambo moja tu: masanduku ya bwenini yafunguliwe. Chini ya nguo za kiranja Dedan, mhubiri maarufu dhidi ya ulafi, vilipatikana viazi saba vya Jumatatu, vimechacha, vinanata kama ulimbo. Masanduku arubaini yalikuwa na hazina kama hiyo.

"Dedan, mwanangu, ulikuwa ukiviatamia vitotoe?"

"Shikamoo, mama. Nilikuwa naweka akiba."

"Marahaba. Na akiba yako imekuweka chooni siku tatu!"

Barua haikuandikwa. Siku hizi kiazi huliwa mezani, mpishi akitazama, na kwa wiki tatu vitanda vya zahanati vimekaa vitupu.

Mvua zimeanza. Nyuma ya jiko, Kache amepanda marando ya viazi vitamu kwenye matuta kumi na manne. Anataka muhula wa tatu viazi vyote vya shule vitoke hapo.

"Mwalimu mkuu kanipa nafasi, nami nimeyapa marando udongo mzuri," anasema. "Yatanitetea."

Mpaliliaji mkuu ni Dedan. Akitoka shambani, hupekuliwa mifuko.