Ouma Katika Nafasi ya Mgonjwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio. Ukumbi wetu wa mazoezi pale Kibera ulikuwa banda la mabati. Asubuhi lilikuwa chekechea, Jumapili lilikuwa kanisa, na alasiri za katikati ya wiki lilikuwa letu. Mimi nilikuwa msichana kutoka Vihiga, naishi kwa shangazi bila kazi, nikasikia kuna kikundi cha maigizo kinachotafuta watu wenye sauti. Nilipofika nikakuta mwalimu wa chekechea amekataa kuondoa viti vyake. Nikaongea naye, tukabishana, tukacheka, akaviondoa. Mkurugenzi wa kikundi alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza.

"Wewe unaitwa nani?"

"Minayo."

"Minayo, wewe unabishana na mtu na hakasiriki. Wachana na huo ufagio. Utakuwa joka."

Nilidhani ananitusi. Baadaye nikaelezwa kwamba jina hilo limetoka kwenye joker, ile karata isiyokuwa na upande, wala halihusiani na nyoka. Maigizo yetu hayakuwa ya jukwaani. Tulicheza sokoni, kando ya reli, uwanjani mbele ya kanisa. Tulipiga ngoma mpaka watu wajae, tukaigiza kisa cha watu kama wao, na kisa kilipofika mahali pabaya kabisa kikasimama. Hapo joka aliingia katikati na kuwauliza watu: huyu mama afanye nini sasa? Ungekuwa wewe? Mtu aliyeona ana jibu aliingia mwenyewe, akachukua nafasi ya mwigizaji, na kisa kikarudiwa kwa njia yake. Joka hakuruhusiwa kutoa maoni. Alichunga tu kwamba kila mtu anasikika na hakuna anayepigwa. Hilo la kupigwa silisemi kwa mzaha, kwa sababu waliocheza waume walevi walirushiwa nyanya mbovu, na wakati mwingine mawe.

Miaka hiyo watu walikuwa wakifa. Nyinyi vijana mmezaliwa dawa zikiwepo, kwa hivyo sijui kama nitawaeleza mkaelewa. Ukimwi ulikuwa haujapata dawa ambazo mtu wa Kibera angeweza kuzifikia. Kila ploti ya vyumba vya kupanga ilikuwa na chumba kimoja chenye pazia lisilofunguliwa, na kila mtu alijua na hakuna aliyesema. Shirika moja lililokuwa na mradi wa afya likatuajiri tuigize ili watu wakubali kupimwa. Afisa wa Mradi, mwanamume mpole aliyependa kusimama nyuma ya umati, alisimamisha hema la kupimia kando ya kila onyesho letu.

Nafasi ya mgonjwa alipewa Ouma. Alikuwa Mjaluo wa kule karibu na Ziwa, mrefu, asubuhi anafanya kazi ya mjengo na alasiri anakuja mazoezini na simenti bado kwenye nywele. Nimefanya kazi na waigizaji wengi na sijaona mwingine kama yeye. Alijipaka masizi ya sufuria chini ya mashavu, akajipaka unga kidogo kwenye midomo, akaingia akitembea polepole. Mwili mkubwa vile ukawa wa mtu anayekwisha. Akikohoa, akina mama waliokuwa mbele walifunga midomo kwa leso. Akimwambia mke wa kwenye mchezo, "Usiwaambie watu mpaka niwe nimeenda," uwanja mzima ulinyamaza, na kelele za sokoni zilisikika kwa mbali.

Baada ya maonyesho watu walianza kumfuata. Walimjia nyuma ya pazia tulilobadilishia nguo, mmoja mmoja, wakiangalia huku na huku. Hawakumwendea Afisa wa Mradi wala daktari wa hemani. Walimwendea Ouma, kwa sababu walidhani ni mwenzao. Mama mmoja wa Kambi Muru, hukohuko Kibera, mwembamba sana, alimshika mkono na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Ulimwambia bibi yako kwanza, ama ulienda pekee yako?" Ouma hakumsahihisha. Alimsindikiza mpaka hemani na kukaa naye kwenye benchi.

Mke wa Ouma aliitwa Akeyo. Alikuwa anauza samaki kwenye njia ya kuingia Kambi Muru, omena na mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwandani wakishatoa minofu. Alikaanga vizuri na aliongea na kila mtu. Sisi tulimjua kwa samaki wake tu, na hakuna aliyefikiria kwamba mchezo wetu ulikuwa unamhusu.

Siku moja tukiwa mazoezini aliingia na karai kichwani. Akaliweka chini mbele ya Mkurugenzi. Lilikuwa limejaa samaki waliokaangwa, hajauza hata mmoja.

"Kuleni nyinyi," akasema. "Huko nje hakuna mtu anataka."

"Kuna nini, Mama?" Mkurugenzi akauliza.

"Kuna nini? Uliza bwanangu. Wanasema siwezi kukaanga samaki na mikono inaosha mgonjwa. Jirani amewekea watoto wake kikombe yao kando, wangu wasishike. Choo ya ploti wamefunga na kufuli, funguo sisi hatupewi." Alikuwa haongei kwa hasira, alikuwa anaeleza. "Tumepimwa, mimi na yeye. Hapo kwa hema yenu. Hatuna kitu. Sasa simameni muwaambie watu, basi."

Ouma alichuchumaa, akachukua samaki mmoja akaanza kula. Na sisi wengine tukachukua. Tulikula, Akeyo akitutazama.

Mkurugenzi alimsikiliza, kwa hilo namshukuru. Alikwenda kwa Afisa wa Mradi kuomba Ouma abadilishiwe nafasi. Afisa akakataa kwa upole wake. Akasema hema linajaa kwa sababu ya mtu huyo, na akitolewa watu watafikiri amekufa. Wakakubaliana njia ya kati. Mwisho wa onyesho, mimi joka ningemwita Ouma mbele, angejifuta uso watu wakiona, na angetaja jina lake mwenyewe. Katika kazi yetu hiyo ni desturi. Tunaiita kuvua nafasi. Akeyo aliahidi kuja.

Tulicheza karibu na meza yake ya samaki, ili majirani wawepo. Mchezo ulipoisha nikamshika Ouma mkono, nikampa kitambaa chenye maji. Akajifuta masizi. Nikasema, "Huyu ni Ouma. Ni mwigizaji, ni fundi wa mjengo, ni baba wa watoto. Mumpigie makofi." Wakapiga. Halafu sauti ya mwanamume ikatoka nyuma:

"Hayo tumeskia! Aseme kama anayo ama hana!"

Wengine wakaitikia, aseme, aseme. Akeyo alikuwa amesimama pembeni, mikono kifuani, macho kwa mumewe. Na kwenye mstari wa mbele, chini kabisa, alikuwa amekaa yule mama mwembamba. Nilimwona Ouma akimtazama mkewe, kisha akamtazama yule mama, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mimi naitwa Ouma," akasema. "Mchezo umeisha. Hema ni ile pale, na mtu akiogopa kwenda, nitaenda na yeye."

Akeyo aligeuka akaondoka kabla watu hawajatawanyika.

Jioni hiyo tulipokuwa tunafunga ngoma nilimuuliza kwa nini hakusema. Alikuwa anakunja pazia, hakuniangalia.

"Minayo, nikisema mimi ni mzima, nitakuwa nimeruka upande ule mwingine, wenye wanacheka. Yule mama atabaki na nani?"

"Na Akeyo?"

"Akeyo anajua ukweli. Atavumilia kidogo."

Akeyo alivumilia mpaka mtoto wao mkubwa alipofukuzwa kwa mawe kwenye mchezo wa watoto wenzake akarudi nyumbani na kichwa kimepasuka. Wiki ileile alifunga vitu vyake, akachukua watoto, akarudi nyumbani kwa wakwe zake karibu na Ziwa. Nilimsindikiza kupanda basi. Aliniambia, "Mwambie aendelee na kazi yake nzuri," na hakuwa anafanya utani.

Ouma aliendelea. Alicheza mgonjwa mpaka mradi ulipofungwa na hema likang'olewa. Mkurugenzi alipata kazi kwingine, kikundi kikavunjika kimyakimya, na mabati ya ukumbi wetu yakaenda na bomoabomoa. Ouma alikuwa akienda nyumbani Krismasi, lakini watoto walikuwa wamemzoea kama mgeni na Akeyo alikataa kurudi Nairobi. Yule mama mwembamba alipata dawa zilipoanza kuja, akanenepa, akahama. Sijui kama aliwahi kujua kilichompata Akeyo.

Mimi nilihamia Kawangware. Baada ya miaka ya vibarua vya hapa na pale nilipata kazi katika ukumbi mdogo wa Gatina, hukohuko Kawangware, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Meneja wa Ukumbi alikuwa msichana aliyeweza kuwa binti yangu, na alinikabidhi jioni za Jumapili za maiki wazi, ambazo vijana mnaziita open mic. Mtu yeyote anapanda, anasema shairi lake, anaimba, anachekesha, anashuka. Kazi yangu ilikuwa kupanga zamu, kupima sauti ya spika, na kutuliza ukumbi mtu akianza kuzomewa. Ni kazi ya joka ileile, ila hapa kisa hakisimamishwi. Mtu anatoa machungu yake na anayefuata anaitwa.

Ouma alikuwa anafanya mjengo upande wa kituo cha matatu cha Kawangware 56 na alianza kuja kukaa nyuma. Kifua chake kilikuwa kimeharibika kwa vumbi la simenti. Kikohozi alichokuwa akikiigiza zamani sasa kilikuwa chake, na kilisumbua washairi. Jumapili moja alipanda msichana aliyevaa kofia ya sufu. Akasema shairi kuhusu kidonge anachokimeza kila siku tangu utotoni, jinsi anavyokiita mpenzi asiyekosa miadi. Alisema wazi ana virusi. Ukumbi ukapiga vidole, ndiyo makofi ya washairi, wengine wakacheka palipochekesha, mtu akapitisha soda. Alipita mwingine akaimba kuhusu kodi ya nyumba.

Baadaye kijana mmoja alitaka kujua huyu mzee wa kukohoa ni nani. Nikamweleza kwa ufupi. Akakunja uso, akamuuliza Ouma mwenyewe, "Sasa buda, hiyo ilikuwa issue aje? Si ungesema tu?"

Ouma alicheka mpaka akakohoa. Kijana alipoondoka akaniambia, "Umemsikia? Hajui hata kilichokuwa kinaogopwa."

"Si hilo ndilo tulilolitaka?"

"Ndilo. Nimefurahi, Minayo." Akatazama viti vikipangwa. "Lakini Akeyo amezeekea huko bila mimi."

Alilazwa mvua zilipoanza na hakutoka. Madaktari walisema mapafu. Tulimpeleka nyumbani kwao, mimi na mafundi wenzake wachache na Meneja wa Ukumbi. Akeyo alikuwa amekaa kando ya jeneza, amezeeka, uso uleule. Kabla hotuba hazijaanza aliniita nyuma ya nyumba.

"Hata hapa wanauliza ni nini kimemuua," akasema. "Nikisema mapafu, wananiangalia tu. Wale waliniona nikirudi na watoto, walijisemea mambo yao, na wanayasema mpaka leo. Binti yangu alikataliwa na familia ya mchumba kwa sababu hiyo. Wewe umetoka Nairobi, wewe ni mtu wa kuongea mbele ya watu. Simama uwaambie hakuwa nayo. Mara moja tu. Sasa hata yeye haumii."

Nilimwambia nitaongea.

Mfawidhi wa mazishi aliniita kwa jina nikapewa maiki. Niliona akina mama wa kijiji kwenye viti vya plastiki, na miongoni mwao, kama ilivyo kila mahali, lazima walikuwepo wanaomeza dawa zao kwa siri. Nilieleza jinsi Ouma alivyoingia uwanjani. Nilieleza waliomfuata nyuma ya pazia, na benchi la hemani, na kwamba wapo wanaoishi leo kwa sababu mtu mmoja alikubali kukaa nao bila kujitenga. Nilisema mkewe alilipa kwa hilo kuliko mtu yeyote, na kwamba tunapaswa kumwomba msamaha. Nilifika pale pa kusema, neno likiwa mdomoni, na sikulisema. Nilirudisha maiki. Watu walipiga makofi.

Akeyo alinijia tukiwa tunajiandaa kuondoka. Hakupandisha sauti.

"Umemlinda yeye," akasema. "Mimi je?"

Kisha akachukua beseni akaenda kuwanawisha wageni mikono. Nilimpigia simu baadaye mara kadhaa na hakushika.

Mwaka huo niliacha kazi. Miguu ilikuwa imechoka na ngazi za ukumbi, na Meneja alikuwa amepata vijana wanaoelewa mitambo kuliko mimi. Bado naishi Gatina. Vijana huja kuniuliza jinsi ya kutengeneza sauti, jinsi ya kusimama, jinsi ya kulia bila vitunguu. Nawafundisha yote hayo. Wengine huniuliza kama nilitenda haki pale kaburini, na nawajibu kwamba kuna siku naamka nikiamini hivyo na kuna siku siamini.

Jambo moja ninawasisitizia, na nyinyi mnaosoma mlichukue. Mkishaandika kisa chenu, mkishampata mwigizaji wenu, kabla hamjampa nafasi ambayo watu wataondoka nayo vichwani, fikeni nyumbani kwake mchana, watu wakiwepo. Mkae, mnywe chai. Mwelezeni mkewe au mumewe mchezo mzima, mpaka mwisho wake mbaya, na mwelezeni majirani watasema nini. Kisha mwulizeni yeye kama mnaruhusiwa. Akikataa, inukeni mwende mkatafute mtu mwingine.